Fundi Amefunikwa

Haya nilisimuliwa na mfumaji mwenyewe, mwaka jana mvua zilipokuwa zinakatika, tumekaa uani kwake tunakausha nyuzi. Yeye hana haraka ya kusema na mimi sina haraka ya kusikia, kwa hiyo siku hiyo hatukumaliza. Pale aliporuka, binti yake, ambaye kwao wanamwita Kidosho, alimrudisha huku anapita na ndoo. "Mama, umeruka. Mwambie bibi na la sweta." Bibi ndiye mimi, basi na la sweta nalisema.

Mfumaji huyu alikuwa katika kikundi cha akina mama wanaofumia wagonjwa mablanketi. Uzi wa dukani hawakuwa nao. Walichukua masweta makuukuu ambayo hata wauza mitumba wameyakataa, wakatafuta mwisho wa uzi penye mshono wa bega, wakavuta. Sweta likishapatikana mwisho wake halina ubishi tena, linafumuka lote. Uzi unatoka umejikunja kama tambi, unafuliwa, unatundikwa na jiwe chini ili unyooke. Kila mama anafuma vipande kwake, halafu siku ya kukutana wanaviunga pamoja, kijani kwa nyekundu, nyekundu kwa rangi isiyo na jina.

Kulikuwa na wa kanisani, kulikuwa na wa msikitini, na mwanzoni maneno ya dua yalikaribia kukivunja kikundi. Mwishowe wakakubaliana jambo moja. Kila mstari ukiisha, mtu aseme moyoni, kwa imani yake, Mungu, umkumbuke wa kitanda. Jina hawataji kwa sababu hawamjui. Blanketi likikamilika linapelekwa hospitali kwa sista mkubwa wa wodi, na yeye ndiye mwenye kujua la nani. Wao wanaishia mlangoni. Jirani akiwaona na mafurushi akiuliza wanakwenda wapi, wanajibu, "Tunakwenda kufunika." Neno hilo lilikuwa fahari yao.

Mumewe alikuwa fundi bomba, na mtaani alijulikana kama Fundi tu, kana kwamba mafundi wengine wote ni vibarua. Alikatwa wayo na bati kwenye mtaro wa nyumba ya watu, akaufunga kitambaa, akaendelea na kazi. Sukari alikuwa nayo, na dawa alikuwa anakunywa siku akikumbuka. Alipokubali kuvua kiatu mbele ya mkewe, vidole vilikuwa vimeshabadilika rangi na chumba kizima kikanuka.

Hospitali walimpa kitanda cha dirishani. Daktari, kijana mpole mwenye sauti ndogo, alimweleza kwamba mguu ukatwe chini ya goti, tena mapema, kwa sababu uozo unapanda. Fundi akasema atafikiri. Akafikiri kwa utani. Aliwaambia wenzake wodini kwamba yule daktari ni mwenzake kikazi, bomba likioza unakata kipande, ila yeye angependa kuonyeshwa kwanza kipande cha kuungia. Kinyozi mzee wa kitanda cha pili, aliyelazwa kwa kifua, alimwahidi kumnyoa bure akitoka na mguu mmoja, na akitoka na miwili alipe mara mbili kwa kiburi. Wodi ikacheka mpaka wa mwisho.

Mkewe aliyasikia hayo akapumua. Alimjua. Fundi jambo analoliogopa hulitania mpaka liwe dogo, halafu analifanya. Bado siku moja au mbili, alijiambia, atakubali.

Kilichokuwa kinamsumbua yeye ni baridi. Dirisha lile halikufunga sawasawa, na shuka la hospitali lilikuwa limefuliwa mpaka unaona mwanga upande wa pili. Alimkuta mumewe amejikunyata, amevaa soksi mkononi kama mtoto.

*

Alikwenda kwa Mwenyekiti wa kikundi kuomba blanketi moja. Mwenyekiti alikuwa mwanamke mpana, mwenye huruma, lakini mwenye msimamo. Alimkalisha, akamsikiliza, akamwambia haiwezekani. Wakianza kuchagua wagonjwa, leo mume wa huyu, kesho shangazi wa yule, haitakuwa tena sadaka, itakuwa ni mambo ya kujuana. Sista ndiye anayechagua. Avumilie.

Mfumaji hakubisha. Alirudi nyumbani akakusanya nyuzi zake mwenyewe, za kijani na za kijivu, akaanza la kwake. Alifuma jikoni chungu kikichemka, alifuma kwenye foleni ya maji. Na kila mstari ukiisha alijaribu kusema dua kama kawaida, lakini safari hii wa kitanda alikuwa anamjua, na kumjua kulimharibia. Akisema Mungu umkumbuke, anakumbuka yeye zile dawa zilizokuwa zinakaa juu ya kabati hazinywewi, hasira inampanda, anakosea kuhesabu vishono. Anafumua mstari, anaanza upya, dua nayo upya.

Uzi ukamwishia. Vipande vya kando vilikuwa tayari lakini katikati pakabaki tundu la kupita mtu. Akafungua kabati. Pale palikuwa na sweta la kahawia la Fundi, la kutokea asubuhi kazini, limetiwa viraka viwiko vyote viwili. Akalitazama. Akatafuta mwisho wa uzi begani.

Kidosho ndiyo kwanza anaingia, katoka zamu ya kiwandani kwao wanakooka mikate, unga mpaka kwenye kope. Alisimama mlangoni akamtazama mama yake anavuta na sweta linapungua mkono.

"Mama, hiyo si nguo ya mtu aliye hai?"

"Ni uzi," mama akasema. "Yuko kitandani, anakwenda nalo wapi?"

"Anakwenda nalo kazini, akitoka."

Mama aliendelea kuvuta. Kidosho naye alikuwa amechoka, akaenda kulala.

*

Siku aliyolipeleka alivaa gauni la kutokea. Aliingia saa ya kuwaona wagonjwa pamoja na watu wengine, akampita Kinyozi na mkewe aliyekuwa amekuja kumlisha uji, akafika dirishani, akalikunjua blanketi kwa mikono miwili juu ya mumewe. Lilikuwa zuri. Lilimfunika kutoka kidevuni mpaka miguuni, na pale penye mguu mbaya likainuka kidogo juu ya bandeji. Akasubiri aseme kitu.

Wodi ilinyamaza. Si kunyamaza kwa mara moja. Kulianza karibu na kukaenda mbali, kitanda kwa kitanda. Mke wa Kinyozi akavuta kigoda chake akakisogeza upande wa pili wa mumewe, akamgeuzia mfumaji mgongo, akaendelea kulisha. Mtu mmoja kule mwisho alijifanya anakohoa.

Fundi hakuligusa blanketi. Alimtazama mkewe usoni.

"Daktari amekwambia nini?" akauliza.

"Hajaniambia kitu. Nimekuletea blanketi."

"Wewe kudanganya hujui, mama watoto. Tangu tuoane hujui."

Akageukia dirisha. Mkewe alimuuliza kama joto linamfikia, hakujibu. Alimuuliza kama atakula, akasema chakula wape wanaokaa. Mkewe akadhani ni maumivu. Akamsomea dua fupi kwa kunong'ona, na kwa kuwa alikuwa amefumba macho hakuona namna mumewe alivyoyafumba ya kwake aliposikia midomo yake inacheza.

Kesho yake daktari alipopita, Fundi alimwambia kwa adabu kwamba ameshafikiri. Mguu hautoki. Kama ni kwenda, atakwenda mzima, hataki watu wabebe jeneza jepesi. Daktari akadhani ni utani wake ule ule, akatabasamu, halafu akaona wodi nzima haicheki.

*

Siku mbili hakula. Dawa alikuwa anaipokea mkononi mwa nesi, nesi akigeuka anaiweka chini ya mto. Utani ulimwisha. Mkewe akija anamkuta ametazama dirisha, blanketi liko pale pale lilipowekwa, hata mkunjo haujabadilika.

Nyumbani akaja shemeji yake, mdogo wake Fundi. Alikaa kwenye kochi kwa ukingo tu, kama mtu asiyekuja kukaa, lakini chai alikunywa, na kikombe cha pili akakunywa. Alisema habari za mvua. Alisema habari za watoto. Halafu akauliza mkoba wa spana uko wapi.

Mfumaji akamwambia uko chini ya kitanda, unapokaa siku zote.

Shemeji akasema vyuma vikikaa bila kutumika vinashika kutu, ingekuwa vizuri vikatunzwa na mtu mwenye mkono wa kuvitumia, ili baadaye pasiwe na maneno maneno. Mfumaji akasema mwenye mkono yupo. Shemeji akazungusha kikombe.

"Shemeji, mimi sina neno baya. Ila kaka mwenyewe ameniita, amenipa maelezo yake. Na pale wodini nimesikia ameshafunikwa."

"Nimemfunika mimi," mfumaji akasema. "Kwani kuna nini?"

"Wewe?" Shemeji akaweka kikombe chini. Sasa yeye ndiye aliyeona haya. "Shemeji, wewe hujui wanavyosema pale?"

Akamweleza, polepole, anatazama zulia. Kwamba sista mkubwa, kwa huruma yake, yale mablanketi huwapa walio hoi kuliko wote, ili wasiteseke na baridi mwishoni. Kwamba wagonjwa wanahesabiana. Leo fulani kapewa blanketi la rangi rangi, keshokutwa kitanda kitupu. Mtu akiletewa blanketi hawasemi kapewa, wanasema kafunikwa. Kuna mzee alilia kama mtoto akaomba wampelekee mwingine. Kuna mwingine alilitupa chini ya kitanda, na hakuna aliyethubutu kuliokota.

Mfumaji akawa anasikia kichwani sauti za wenzake wamejitwika mafurushi, wanacheka njiani, jirani anauliza, nao wanajibu kwa pamoja, tunakwenda kufunika.

Mkoba wa spana hakutoa. Lakini shemeji alipoondoka aliutoa chini ya kitanda yeye mwenyewe, akaupangusa vumbi, akaurudisha.

*

Alipomfikia Mwenyekiti na habari hiyo, Mwenyekiti alikuwa ameshika sindano. Alimsikiliza mpaka mwisho. Hakupinga. Aliuliza tu kama sista alikuwa anajua.

Sista alijua nusu. Alikiri mbele yao wote wawili, kwenye kijichumba cha dawa, kwamba ameona wagonjwa wanayakataa, akadhani ni sufu inawawasha. Lakini kuacha kuwapa walio hoi hawezi, akasema, maana wao ndio wenye baridi kuliko wote, na wapo ambao yeye mwenyewe amewaona wakilishika lile blanketi mpaka mwisho hawaliachii. Sasa hapo afanye nini. Mwenyekiti alitoka pale bila kuaga, na wiki hiyo kikundi hakikukutana.

Mfumaji hakuwa na nafasi ya kufikiria kikundi. Daktari alikuwa amemvuta kando. Weusi umepita kifundo cha mguu, alimwambia. Leo bado anaweza kukata chini ya goti. Kesho, labda juu ya goti. Baada ya hapo asimuulize tena. Yeye hawezi kumkata mtu anayekataa. Azungumze na mumewe, leo.

Alisimama kwenye baraza la hospitali akipima. Akimwambia tu kwamba ni uongo wa watu, hatamwamini, ameshasema hajui kudanganya na ameshaona anadanganya. Akilitoa blanketi, vibaya zaidi, kwa sababu pale wodini blanketi halitoki ila kwa njia moja. Ushahidi wa kwamba halikutoka kwa sista ulikuwa mmoja tu, na huo ndio aliokuwa anauogopa. Mke aliyefumua nguo ya mume wakati mume yuko kitandani. Nguo za mtu zinaguswa lini, kama si akishaondoka?

Kidosho alikuwa naye, katoka kazini moja kwa moja hajalala. "Mwambie, mama," akasema. "Au nitamwambia mimi."

*

Alimkuta Fundi macho wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa juu ya blanketi, na kidole gumba kilikuwa kinasugua mahali pamoja katikati, kinakwenda na kurudi, kama mtu anayetafuta nyufa kwenye bomba.

Mfumaji akakaa ukingoni mwa kitanda. Kinyozi na mkewe waliacha kuzungumza. Akajua wodi nzima inasikiliza, akaona potelea mbali.

"Baba watoto, hapo unaposugua pana nini?"

Fundi alipabonyeza. "Pagumu," akasema. "Kama punje."

"Ni gundi yako ya mabomba. Niliifua ikakataa kutoka."

Kidole kikasimama.

"Hili blanketi sista halijui," akaendelea. "Daktari halijui. Nimelifuma mimi jikoni kwangu kwa sababu ulikuwa unavaa soksi mkononi. Haya mambo ya kufunikwa nimeyajua juzi, kwa mdogo wako. Uzi uliniishia. Hiyo ya kahawia hapo katikati ni sweta lako."

Fundi akainua kichwa. Ilikuwa mara ya kwanza kichwa chake kuachana na mto tangu siku ile. Akalitazama blanketi, kijani, kijivu, halafu pale katikati. Akalivuta mpaka karibu na macho. Akanusa.

"Sweta langu gani?"

"La asubuhi."

"Lenye viraka?"

"Viraka nimevitupa."

Mke wa Kinyozi alishika mdomo. Mfumaji aliinamisha kichwa akasubiri alie, au amfukuze, au ageukie dirisha moja kwa moja.

"Mwanamke," Fundi akasema, "una akili wewe? Mimi nikitoka humu nitavaa nini?"

Akalitikisa blanketi.

"Nauliza. Asubuhi ile baridi ya alfajiri, niko kwenye mtaro wa mtu, nimeinama, mgongo uko nje. Nitavaa nini? Nijifunge hili kiunoni kama bibi harusi?" Alikuwa amekasirika kweli. Mishipa ya shingo ilimtoka, na rangi ikamrudia usoni. "Sweta moja. Mtu ana sweta moja duniani, anaumwa wiki mbili, anarudi amefumuliwa."

"Nitalifuma tena," mkewe akasema.

"Utalifuma lini?"

"Utatoka lini?"

Hapo Fundi alisikia alichokuwa amekisema, na alichoulizwa. Mkewe naye alisikia, akamtazama, na kwa kuwa kudanganya hajui aliuliza lile lililobaki bila kulipamba.

"Na utatoka na mguu upi, baba watoto? Sema, nijue la kumjibu yule kijana. Yuko pale barazani anasubiri."

Fundi alikaa na kidole chake kwenye punje ya gundi. Machozi yalimtoka, yakapita kwenye ndevu za siku nyingi, hakuyafuta. Alisema kwamba anaogopa. Alilisema kwa sauti ya kawaida, kama anataja ukubwa wa bomba. Mkewe akasema na yeye anaogopa. Fundi akamuuliza kama aliomba wakati anafuma, akasema aliomba. Akamuuliza aliomba nini.

"Niliomba upone. Halafu nikakumbuka ulivyokuwa hunywi dawa, nikakutukana, nikakosea vishono. Nikafumua nikaomba tena."

"Kwa hiyo hapa mna dua na matusi."

"Yamo yote."

Kutoka kitanda cha pili Kinyozi akakohoa, akavuta pumzi yake fupi, akasema, "Ndugu yangu, ahadi yangu ya bure iko pale pale. Ila ndevu hizo nitakutoza."

Aliyecheka kwanza alikuwa yule wa mwisho kabisa, mlangoni. Kicheko kikarudi kitanda kwa kitanda njia ile ile kilikopita kimya. Fundi mwenyewe hakucheka. Alimwambia Kidosho akamwite daktari, na asikimbie, asije akaanguka wakalazwa wawili.

*

Walimchukua asubuhi. Alipopandishwa kwenye machela alikataa kwenda na blanketi, akalikabidhi kwa mkewe akamwambia kazi yake anaijua.

Mfumaji alikaa kwenye benchi nje ya chumba cha upasuaji. Alifungua mshono wa katikati, akatafuta mwisho wa ule uzi wa kahawia, akavuta. Kipande baada ya kipande kikaja, uzi ukakaa mapajani umejikunja. Hapakuwa na maji ya kuufulia wala jiwe la kuunyoosha, akauzungushia mgongo wa kiti kilichokuwa jirani. Watu walikuwa wanapita wanatazama. Mdogo wake Fundi alikuja, akasimama pembeni, akaona kile kiti kinakwenda kuanguka, akakaa akakishika. Habari za spana hakuzitaja. Alishika kiti mpaka uzi ukaisha.

Adhuhuri Fundi alirudishwa dirishani. Shuka lilikuwa limelala bapa pale chini ya goti, na mfumaji alilazimika kupatazama mara kadhaa ndipo macho yakakubali. Dawa ya usingizi ilikuwa inamtoka na baridi inamwingia. Meno yalikuwa yanagongana. Akataka kusema neno, likamshinda, akainua mkono tu na kuvuta hewani kuelekea kidevuni.

Mkewe akamfunika. Blanketi sasa lilikuwa kijani na kijivu na tundu katikati. Wodi iliona. Mke wa Kinyozi alitazama, halafu akainuka, akachukua kanga yake begani akaiweka juu ya lile tundu, akarudi kwenye kigoda chake, na hiyo safari alikiacha upande wa Fundi.

"Lina dirisha," Fundi akasema kwa ulimi mzito. Aliuliza kama mguu umekwenda. Akaambiwa umekwenda. Akaanza kulia tena, na katikati ya kulia usingizi ukamchukua.

Saa ya kuwaona wagonjwa ilipita na sista alifanya kama hakuiona. Alipokuja kupima joto la Fundi alisema kwa sauti ya chini kwamba mzee wa kitanda cha mlangoni anatetemeka tangu asubuhi, na kabatini yapo mablanketi mawili, na anaogopa kumpelekea. Mfumaji alisema tu ampe, na akimpa akae naye kidogo, asimwache nalo peke yake. Sista akaenda. Hawakumsikia mzee akikataa, wala hawakumsikia akishukuru.

Shemeji akaaga. Kidosho alikuwa amelala sakafuni muda mrefu, kichwa kwenye viatu vya mama yake, unga bado kwenye nywele. Kinyozi alikuwa analala kwa kukaa, kama kifua chake kilivyotaka, na mkewe ameegemea ukingo wa kitanda chake. Jua la mchana lilikuwa linaingia kwenye lile dirisha bovu.

Mfumaji akaanza pindo la sweta. Alifuma mstari wa kwanza, akasema moyoni, Mungu, umkumbuke wa kitanda, na hakujua kama anamsema wake au yule wa mlangoni, akaliacha hivyo hivyo. Alifuma wa pili. Kwenye wa tatu vishono vilikuwa vimezidi kimoja, akahesabu, akapata vimepungua. Akasema atafumba macho kwanza, kidogo tu, halafu ahesabu tena. Sindano zikamlalia mapajani, na uzi wa kahawia ukaning'inia mpaka chini bila jiwe.